Kinu Kitupu

Keti, Bwana mdogo. Si hapo, hapo kuna siafu.
Umekuja na daftari la babu yako,
umeweka kidole kwenye mstari mmoja
ambao wino wake umegeuka rangi ya chai:
ufuta wa Magarini, jizla ishirini, umepotea.
Wataka kujua ulipotelea wapi.

Haukupotea.
Ufuta hauna miguu. Wenye miguu tulikuwa sisi.

Wewe mtoto wa Malindi mjini, ufuta unaujua juu ya mkate,
basi nikueleze: ukikomaa haumngoji mtu.
Uukate, uufunge matita, uusimamishe ukauke.
Ukichelewa siku tatu maganda hupasuka yenyewe
na mali yote humwagika mchangani,
ndogo kuliko chawa, nani ataiokota?
Mwaka mzima hatukuwa na nguvu yoyote
ila hizo siku tatu.
Songoro ndiye aliyezihesabu.

Songoro alikuwa nokoa, mjeledi haumtoki kiunoni,
na sote tulimchukia kwa haki.
Usiku mmoja akaja penye mafiga yangu,
akauweka ule mjeledi motoni,
taratibu, kama mtu anayechoma muhogo,
akaniuliza: "Faida, kinu chako husikika mpaka wapi?"

Faida. Ndilo jina alilonipa babu yako
siku aliyonilipia.
Kwetu, ng'ambo ya ziwa, niliitwa Nachilima.
Wenzangu walikuwa Tamasha, Sikujua, Baraka wa Pili.
(Baraka wa Kwanza alikufa, jina likabaki zima,
likatafutiwa mtu.)

"Husikika mpaka kitandani kwa Bwana," nikamjibu.
Hatukusema zaidi ya hayo.

Babu yako alilala kwa mlio wa kinu.
Kikilia, watumwa wapo. Kikinyamaza, huamka.
Basi usiku ule walichukua miundu yote,
bunduki mbili za ghalani, kikapu cha chumvi,
na Sikujua na tumbo lake la miezi minane,
wakateremka Sabaki, watu arobaini na wawili,
nami nikatwanga.

Nilianza na mtama. Ukaisha kabla mwezi haujapanda.
Nikatwanga pumba. Pumba zikawa vumbi.
Nikatwanga kinu chenyewe.
Kinu kitupu kina sauti yake, mwanamke yeyote angeijua,
lakini babu yako hakuwahi kushika mchi.
Alfajiri mchi ulikuwa umelowa.
Nilidhani ni jasho.

Yaliyofuata uliza mgongo wangu,
una mwandiko mzuri kuliko karani wenu.
"Wamepita wapi?"
Nikasema nilikuwa natwanga.
"Ulikuwa unatwanga nini?"
Hapo nilicheka, Mungu anisamehe,
na kicheko hicho kilinigharimu jino hili, na hili.

Mikono ya kukata haikuwepo.
Siku ya tatu, jua lilipokaza, tulilisikia shamba zima:
tas, tas, tas,
kama mvua inayonyesha kutoka chini.
Bwana alisimama katikati na kanzu yake,
viganja wazi, anadaka.
Mtu mzima, anadaka ufuta.
Nilikaribia kumwonea huruma.

Sitakudanganya kwamba wote walifika.
Sabaki ina mamba,
na vilima vya Mwangea havimlei mtu.
Mara moja tu, mwaka wa njaa, nilimsikia mwanamume sokoni
akimwita mwanawe: "Kinu! Kinu, njoo!"
Huenda ni jina tu.
Sikugeuka. Nilikuwa nimebeba maji ya watu kichwani.

Haya, kalamu unayo.
Lifute hilo neno "umepotea."
Hujui uandike nini mahali pake?
Anza na Nachilima.
Najua, hiyo "chi" itakusumbua kwa herufi zenu,
karani naye ilimsumbua, ndiyo maana akaridhika na Faida.
Jaribu.
Wino umekauka. Chovya tena.